Bubu na Fundi wa Makochi

Kwa miaka mingi hakuna aliyemwita kwa jina lake. Alikuwa Fundi, basi. Mafundi wengine wa mtaa ule walikuwa fundi fulani na fundi fulani, kila mmoja jina lake likimfuata nyuma kama mkia, lakini ukisema Fundi peke yake, mtu alikunyooshea kidole mlango wa bluu wa karakana ya makochi, na mwanamke mrefu aliyekaa mlangoni, mgongo umenyooka, misumari mdomoni.

Ilikuwa misumari midogo yenye vichwa bapa. Aliiweka mdomoni kama wengine wanavyoweka karanga, akaisukuma kwa ulimi mmoja mmoja, akauchukua kwa ncha ya nyundo yenye sumaku, na kuupiga mara moja tu. Hakupiga mara mbili. Kazi ile alifundishwa na baba yake. Alimaliza darasa la saba siku ya Ijumaa, na Jumatatu akawa karakanani, tena kwa kupenda mwenyewe, ingawa ndugu wote walinuna kwamba msichana hatakiwi kunuka gundi.

Baba alimwachia nyundo, sindano za kupinda, na amri moja. Kochi likishavikwa, hugeuzwa miguu juu ili tumbo lake lifungwe kwa kitambaa cheusi cha chini. Kabla hujafunga, alisema baba, ingiza mkono. Ingiza mpaka begani, upapase kila pembe, na mikono ya kochi pia usiiache, maana mikono ya kochi ni mitupu kama sanduku. Mzee alikuwa na sababu. Ujana wake alisahau patasi ndani ya kiti cha hakimu, na hakimu akaikalia mwaka mzima, anabadilisha dawa za kiuno.

Basi Fundi aliingiza mkono. Kila kochi, kila kiti, miaka nenda miaka rudi. Kuna mteja alidai amechomwa na pini iliyosahaulika, na Fundi hakumsalimia tena mpaka yule mtu alipokuja mwenyewe kuomba radhi na kukiri kwamba pini ilikuwa ya mkewe. Ndivyo alivyokuwa. Mali yake kubwa ilikuwa jina, na jina hilo alilifuta vumbi kila siku.

Paka wake, Fundi alimtoa jalalani. Alikuwa na mazoea ya kupita jalala la nyuma ya soko kutafuta makochi yaliyotupwa, kwa sababu springi za zamani zilikuwa chuma kweli, si hizi za sasa zinazochoka kabla ya mwenye nyumba. Asubuhi moja aliona gunia limefungwa kwa waya, linatikisika. Halikutoa sauti. Alilifungua akitegemea kukuta kuku. Akatoka paka jike wa kijivu, mbavu nje, jicho moja limegandishwa na usaha, akafungua mdomo alie, na mdomo ukabaki wazi bila kitu kutoka. Alikuwa amelia ndani ya gunia lile mpaka sauti ikaisha, na haikurudi tena. Fundi akanyoosha mkono. Paka akamchana kuanzia kidole gumba mpaka kwenye kifundo, mstari mmoja mrefu, kama mtu anayepima kitambaa kabla ya kukata. Asante aliyopewa ndiyo hiyo. Akamviringisha ndani ya mtandio wake akaenda naye nyumbani, damu inamchuruzika.

Akamwita Bubu. Alimwosha jicho kwa maji ya chumvi mpaka likafunguka. Alimnunulia samaki wadogo, akawatoa vichwa na miiba kwa kucha. Alimshonea godoro dogo la sponji, akalivika mahameli iliyobaki kwenye kazi ya mteja mmoja tajiri, na kingo zake akazipiga uzi mara mbili kama vile mteja atakuja kuzikagua. Bubu alilinusa godoro lile, akalizunguka, akaenda kulala kwenye saruji.

Na akabaki hivyo hivyo. Alikula akiwa amempa Fundi mgongo. Ukimgusa, uti wa mgongo uliteremka chini ya kiganja kama springi iliyokatika, na kabla hujajua ameshakwenda zake. Magotini hakupanda hata siku moja. Mwaka ule Fundi alipolala na homa mbaya, paka alikaa dirishani, uso nje, anatazama kuku wa watu. Mara nyingi hakuonekana kabisa mchana kutwa, na Fundi hakuwahi kujua anajificha wapi. Alijua tu kwamba jioni sahani ikiguswa chini, Bubu anatokea, kijivu, kimya, kama moshi umepata miguu.

"Ananipenda," Fundi alikuwa akisema. "Ni vile tu hana maneno."

Aliyekuwa akiambiwa hayo ni mdogo wake wa kike, mpishi wa shule aliyestaafu. Huyu alikuwa mfupi, mpana, na sauti yake ilikuwa imezoea kuita watoto mia kwenye sufuria moja, hivyo hata siri alizisema mtaa mzima ukisikia. Kila asubuhi alipita karakanani kunywa chai ya dada yake na kuitoa kasoro.

Siku mambo yalipoharibika, kochi la Nesi lilikuwa limesimama sakafuni limeegemea mgongo wake, tumbo wazi. Nesi alikuwa mkunga mkuu aliyezalisha nusu ya mtaa, mwanamke wa heshima zake, na mwanawe alikuwa karibu kuchumbia. Wazazi wa binti walikuwa wanakuja kutazama nyumba atakayoishi mtoto wao, na Nesi aliapa hawatakalia makochi yenye matundu. Viti vyake viwili vidogo vilikwisha pelekwa. Lilibaki kochi kubwa, nalo lilibakiza kitambaa cha chini tu. Fundi aliliacha hivyo tangu jioni ili alifunge kukipambazuka, lakini kulipopambazuka mwenye mkokoteni alikuwa tayari mlangoni, anajipepea kwa kofia, anasema leo ana safari nyingi. Na mdogo mtu naye huyo anaingia.

"Yuko wapi malkia wako? Nimemletea vichwa vya samaki."

"Yupo. Anakusikia."

"Anasikia harufu, mimi hanisikii." Akakaa kwenye gunia la sponji. "Dada, nikuulize kitu, usikasirike."

"Nikishaambiwa nisikasirike, nimeshakasirika."

"Huyo paka akiamka kesho akakuta mtu mwingine hapa, anampa samaki, atauliza yule mama mrefu yuko wapi?"

"Atauliza."

"Kwa mdomo gani?"

Mwenye mkokoteni akacheka puani.

"Wewe cheka tu," Fundi akamwambia. "Kochi utalibeba peke yako."

"Mimi nasema kwa kukuhurumia," mdogo mtu akaendelea. "Paka anajua nyumba, hamjui mtu. Anajua sahani iko wapi. Umemtoa kwenye gunia, umemshonea mahameli, mwenzio hata mguuni hakai. Unamfanyia yote hayo ili iweje?"

"Sikumtoa kwenye gunia ili anikalie mguuni."

"Ili iweje, basi?"

Fundi alikuwa anajaza misumari mdomoni.

"Wewe una ugonjwa wa kuokota, dada. Ulimwokota yule mtoto wa mumeo, mama yake alipojiendea zake. Ukamlea, ukamsomesha kwa nyundo hiyo hiyo. Leo yuko wapi? Mara ya mwisho kukupigia simu ni lini? Mumeo tumemzika, hata mazishini alikuja mwisho akaondoka wa kwanza."

Chai ilikuwa inachemka kwenye jiko na hakuna aliyeitoa. Kuna maneno ambayo ndugu pekee ndiye anajua yamewekwa wapi, na mdogo mtu alikuwa ameyatoa yote na kuyaweka mezani mbele ya mwenye mkokoteni. Fundi alilivuta kochi, akalipindua miguu juu, akatandaza kitambaa cheusi. Msumari wa kwanza aliupiga mara mbili. Wa pili ulipinda. Alizunguka tumbo lote la kochi akigonga kama mtu anayemjibu mtu, bila kuinua macho, na alipomaliza, mwenye mkokoteni alifunga kamba na kuondoka.

Siku ile, kwa mara ya kwanza tangu baba yake amwachie karakana, Fundi hakuingiza mkono.

Jioni aligusisha sahani chini. Hakuna aliyetokea. Akaigusa tena, akaisogeza kidogo, akasema kwa sauti ya kawaida, "Leo ni wale wenye mafuta." Asubuhi samaki walikuwa pale pale, wamekauka, sisimizi wamepanga mstari.

Mdogo wake alipokuja, aliitazama ile sahani, na kwa mara ya kwanza alitafuta la kusema.

"Amehama," akasema mwishowe. "Paka wako hivyo. Atakuwa amepata penye mafuta zaidi."

"Hajahama."

"Sisemi kwa ubaya."

"Najua. Ndiyo maana inauma."

Fundi alifunga mlango wa bluu mchana wa siku ya kazi, jambo ambalo mtaa haukuwahi kuliona hata kwenye msiba wa mumewe. Akaenda kutafuta. Alipiga magoti kwenye kila mtaro, akachungulia chini ya kila karavati, nguo yake ya kazi ikalowa matope mpaka kiunoni. Alimwuliza mwenye bucha, akamwuliza mshona viatu, akawauliza watoto waliokuwa wanacheza. Wakamwuliza analiaje, wamtambue kwa sauti. Akasema halii.

Hapo ndipo shida ilipokuwa. Mtu akipotelewa na mbuzi huita, kisha hunyamaza asikie. Fundi naye aliita, "Bubu, Bubu," kisha akanyamaza kwa mazoea ya wanadamu wote, ametega sikio, hali anajua kwamba hata kama paka yuko hatua mbili nyuma ya ukuta, mdomo wazi, anamwita kwa nguvu zake zote, hakuna kitakachosikika. Alikuwa anaita na kusikiliza utupu. Aliita hivyo mtaa wa kwanza, akaita mtaa wa pili, mpaka watu wakaanza kuchungulia madirishani na kutazamana.

Alimalizia jalalani. Kila gunia lililofungwa alilifungua. Akafungua maganda, akafungua vioo, akafungua vitu ambavyo havisemeki, na kila fundo lilipolegea moyo wake ulisimama, kisha ukashuka. Mwokota chupa mmoja alimtazama kwa muda akamwambia, "Mama, kama ni pesa umepoteza, sahau." Akasema si pesa. "Basi ni mtu?" Fundi aliona haya kusema ni paka, na aliona haya zaidi kwa kuona haya.

Alirudi kucha zimechanika. Kilichomtafuna zaidi ya kumkosa ni kwamba mdogo wake huenda amesema kweli. Kama paka amekufa, hiyo ni huzuni, mtu analia yanakwisha. Lakini kama yuko mahali anakula, amempa mtu mwingine mgongo, na hakumbuki mkono uliofungua waya ule, basi Fundi amekosea hesabu ya maisha yake yote, wala si ya paka peke yake. Alikaa kwenye kitanda bila kuvua viatu. Hakuwahi kumwambia mtu kwamba simu ya yule mtoto wa mumewe alikuwa bado anaingojea.

Siku ya tatu alifungua karakana kwa sababu mikono haijui kukaa. Kulikuwa na kochi la mshona suti, limevuliwa, linangoja sponji mpya. Akaligeuza miguu juu. Safari hii hakuna aliyekuwa akizungumza naye, na mkono ulijiendea wenyewe ndani ya tumbo la kochi, ukapita kwenye springi, ukapinda kona kuingia kwenye mkono mtupu wa kochi, mpaka begani. Vidole vikagusa kitu laini.

Akakivuta. Yalikuwa manyoya. Manyoya ya kijivu, yamegandamana kama sufu, yametengeneza duara lenye shimo katikati, kiasi cha mwili uliojikunja. Akakiendea kiti kilichokuwa pembeni, kile cha mwenye duka la vioo kilichokaa mwezi mzima kikingoja kitambaa. Akaingiza mkono. Duara jingine. Mara ngapi vidole vyake vilikuta sufu kama hiyo, akaitupa akidhani ni mabaki ya kujazia! Kumbe miaka yote ile alipokuwa akidhani paka anazurura, paka alikuwa ndani ya makochi. Yeye akiwa juu anagonga misumari, Bubu chini yake amelala, unene wa ubao mmoja kati yao.

Na kochi la Nesi lililala wazi usiku kucha, na yeye akalifunga.

Alimkuta mwenye mkokoteni kwenye kona ya kinyozi. Fundi alikuwa anakimbia, mwanamke wa umri wake, nyundo mkononi, na kinyozi alisimamisha wembe hewani.

"Kochi la Nesi," akasema. "Lilikuwa na uzito gani?"

"Uzito wa kochi, Fundi. Ila nilipolipandisha lilinielemea upande wa kushoto. Nikasema labda umetumia mbao mbichi."

"Mimi nitumie mbao mbichi?"

"Ndiyo nikanyamaza."

Mdogo wake alimwona akipita mbele ya nyumba yake, akaacha mboga kwenye ungo akamfuata, anahema, anauliza kuna nini. Fundi alimwambia bila kusimama. Mdogo mtu hakutania. Alisema tu, "Siku tatu, dada. Bila maji." Kisha akanyamaza, na kunyamaza kwake ndiko kulikomtisha Fundi kuliko kitu chochote.

Mlangoni kwa Nesi kulikuwa na viatu vingi vilivyopigwa rangi. Nesi mwenyewe alitoka na sinia tupu, nguo mpya, manukato, na tabasamu la wageni usoni. Alipoona nyundo, tabasamu likajikunja.

"Fundi. Leo ndio wamekuja."

"Naomba nifungue kochi kubwa. Paka wangu yumo ndani."

Nesi aliwavuta wote wawili kwenye ujia wa kuelekea jikoni, akaurudisha mlango wa sebule. Alimtazama Fundi kama anavyomtazama mtu mwenye homa. "Tumelikalia tangu juzi. Hatujasikia paka."

"Hana sauti."

"Kwa hiyo yuko hai au amekufa?"

"Sijui."

"Kama amekufa je?" Nesi alishusha sauti zaidi. Hakuwa mtu mbaya. Huyu ndiye aliyemfunga Fundi jeraha la kuchanwa na paka huyo huyo, wala hakutaka malipo. "Nimtoe paka mfu tumboni mwa kochi, wakwe wa mwanangu wakiwa wamelikalia? Huyo binti anapendwa mno nyumbani kwao, wamekuja na macho manne manne. Watasema tumewakaribisha juu ya mzoga. Njoo kesho asubuhi. Nitakusaidia kulifungua kwa mikono yangu. Nakuomba kama mwanamke mwenzangu."

"Kesho haitafika."

"Fundi," akasema Nesi kwa upole kabisa, "ni paka."

Mlango wa sebule ulikuwa umebaki wazi kiasi cha vidole viwili. Fundi aliona kochi lake, kitambaa cha rangi ya damu ya mzee, kila mkunjo mahali pake. Wamekaa wanne. Upande wa kushoto, pale mkokoteni ulipoelemewa, alikaa mwanamume mnene mwenye suti, baba wa binti bila shaka, kiwiko chake kimelala juu ya mkono wa kochi. Alikuwa akisimulia jambo, na kila alipofika kwenye utamu wa hadithi, aliupiga ule mkono kwa kiganja. Pa. Pa. Fundi alihesabu unene wa ubao ule kichwani. Aliupima na kuukata yeye mwenyewe.

Akasukuma mlango akaingia.

"Shikamooni wazee, hamjambo wengine. Poleni kwa kuwakatizia. Mimi ndiye fundi wa makochi haya." Sauti yake ilitoka imenyooka, kama anaongea na wateja. "Nimekuja kwa sababu nimekumbuka sasa hivi. Nimesahau mkasi ndani ya hilo kochi. Mkasi mkubwa wa kukatia magunia. Umesimama, na ncha zake zimeelekea juu."

Yule mwanamume mnene ndiye aliyeinuka wa kwanza, kwa wepesi ambao hakuna aliyeutarajia kwake. Wengine wakafuata, vikombe mkononi, wanajipapasa nyuma.

Mama wa binti, mwanamke mkavu mwenye miwani, alimtazama Fundi toka nywele mpaka matope ya jana kwenye viatu. "Fundi gani anasahau mkasi ndani ya kochi la watu?"

"Mimi," akasema Fundi.

Mlangoni mdogo wake aliweka kiganja mdomoni. Alikuwa amekua akilisikia jina la dada yake likitajwa na watu kama kipimo, na sasa alimwona mwenyewe amelichukua na kulilaza chini, kwenye zulia la watu, mbele ya wageni. Na lilibaki pale. Mtaa haukumwita tena Fundi kwa namna ile ya zamani. Watoto walimwita Mama Mkasi, na wapo wateja, watu wazima na akili zao, waliopeleka makochi yao kwingine, wakisema mkono wa mama umezeeka. Hakuwahi kuwaeleza.

"Nilikuwa namsifu kwenu nusu saa haijapita," Nesi akawaambia wageni wake, na aibu ilikuwa ya kweli.

Wakalipindua, mwenye suti akisaidia. Fundi alichomeka mdomo wa nyundo chini ya kitambaa cheusi akakivuta, na misumari ikatoka ikiruka, tik, tik, kwenye sahani za biskuti. Kazi nzuri. Alichukia ilivyokuwa nzuri. Mahali pengine alilazimika kutumia meno. Alipopata upenyo akalala kifudifudi, akaingiza mkono mpaka begani.

Manyoya. Hayakuwa ya joto wala baridi. Hayakusogea. Akayabonyeza kidogo, na chini yake akagusa mfupa, mwembamba kama kijiti cha kiberiti. Akasema ndani ya kochi, taratibu, jina moja tu.

Kisha akasikia meno.

Hakutaka kutoka. Jambo hilo Fundi alilikumbuka kuliko yote. Paka alimng'ata kwenye mnofu chini ya kidole gumba, akakita kucha kwenye gunia la ndani, na kila Fundi alipovuta, paka alirudi nyuma kwenye giza lake kwa nguvu zilizotoka wapi haijulikani, kama vile aliyemfungia na anayemfungulia ni adui mmoja. Na kwa kweli alikuwa mmoja. Fundi alivuta huku machozi yanamshuka puani na kwenye vumbi la mbao. Akamtoa kwa ngozi ya shingo. Alikuwa amekwisha, kichwa kikubwa kuliko mwili, macho yamegandana, ulimi umekauka na kutoka pembeni.

"Huo mkasi una mkia," akasema yule mwanamume mnene.

Hakuna aliyejua kama ni ruhusa kucheka. Mama wa binti ndiye aliyecheka, ghafla, mpaka miwani ikashuka, kisha na wengine. Nesi hakucheka, lakini alikwenda jikoni akarudi na kitambaa safi na bakuli, akamkabidhi mdogo mtu bila neno.

Wakatoka naye uani, penye bomba. Fundi alikaa chini kwenye saruji, miguu ameinyoosha kama mtoto, akamlaza paka juu ya mapaja yake. Hapo ndipo alipokuwa amemtamani miaka yote, na sasa alikuwa pale kwa sababu hana nguvu ya kuondoka. Mdogo wake akasogeza bakuli. Bubu hakulitazama. Wakamlowesha midomo kwa kona ya kitambaa, na maji yakateremka nje, yakadondokea kwenye nguo.

"Hamezi," akasema mdogo mtu.

"Naona."

"Dada, yale maneno niliyosema siku ile..."

"Siyo sasa."

Ndani walikuwa wanalisimamisha kochi, wanasukumana, wanaelekezana. Ubavu wa paka ulipanda, ukashuka, ukakaa. Ukakaa sana. Fundi naye hakuvuta pumzi. Ukapanda tena.

Alichovya kidole kwenye maji, kile chenye alama za meno, akakipitisha kwenye ulimi ule mkavu. Hakuna kitu. Akachovya tena. Damu kidogo ilikuwa imechanganyika na maji. Akarudia, akarudia, hajali hata kama kuna anayemtazama, anachovya na kupitisha, anachovya na kupitisha, mpaka mdogo wake akageuza uso ukutani kwa sababu hakuweza kuendelea kuona.

Ulimi ukasogea. Ulikuwa mkwaruzo mdogo tu, kama msasa uliochakaa, kwenye ncha ya kidole. Ukaja tena. Kisha paka akakilamba kidole kile chote, upande huu na upande huu, polepole, macho bado yamegandana.

Mdogo mtu aligeuka, akaona, akakaa kimya kadiri alivyoweza, yaani si sana.

"Ni kiu hiyo, dada," akasema taratibu. "Usije ukajidanganya."

"Najua ni kiu."

"Nasema tu ili baadaye..."

"Nimekusikia," Fundi akasema, bila kuondoa kidole. "Bakuli limekwisha. Niongezee maji."